Kutupa taulo: mwongozo kamili wa maana na matumizi ya "throw in the towel"

Anayesoma magazeti ya Nairobi, anayefuatilia soka la Ulaya au anayefanya kazi na wafadhili wa kigeni hakosi kukutana na msemo wa Kiingereza "throw in the towel". Tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni "kukata tamaa", na hapo ndipo kazi inapoanza kuharibika. Mtu anaweza kukata tamaa kabisa na bado akapigana hadi akaanguka chali. Mwingine moyo wake bado unataka vita, lakini taulo lake limeshatupwa. Msemo huu unahusu uamuzi wa kumaliza pambano kabla halijakumaliza wewe, na ukiushika hivyo, sarufi yake, mipaka yake na Kiswahili chake vinajipanga vyenyewe.

Kwanza, jua kinachofanyika ulingoni

Kila bondia ana kona yake. Konani wanakaa kocha mkuu na wasaidizi wake, mtu wa kuzuia damu, ndoo, barafu na taulo. Raundi ikianza wote wanashuka, na hawaruhusiwi kupanda mpaka kengele ilie. Kocha akiona kijana wake anapokea ngumi bila kujibu, hawezi kuingia kuwaachanisha. Anachoweza ni kurusha taulo ndani ya ulingo ili mwamuzi alione. Mwamuzi akilikubali, anapunga mikono juu na pambano limekwisha. Aliyerushiwa taulo ameshindwa kabla ya muda, hata kama bado amesimama kwa miguu yake.

Kabla ya taulo kulikuwa na sponji. Kwenye masumbwi ya mikono mitupu ya Uingereza katika karne ya 19, wasaidizi walimfuta bondia damu na jasho kwa sponji, na wakiona hawezi tena waliirusha juu hewani. Kamusi moja ya lugha ya mitaani iliyochapishwa London mwaka 1860 tayari inaeleza "throw up the sponge" kwa maana ya kukubali kushindwa. Taulo lilichukua nafasi ya sponji mwanzoni mwa karne ya 20, na pamoja nalo neno dogo likabadilika: sponji ilikwenda "up", yaani juu, taulo linakwenda "in", yaani ndani ya ulingo. Ndiyo maana "in" si pambo la kuachwa. Ukikuta "throw up the sponge" au "throw in the sponge" kwenye maandishi ya zamani, ujue ni msemo uleule. Wewe usiutumie; leo unasikika kama nguo ya kabatini.

Si kila taulo linapokelewa, na kisa cha tarehe 22 Juni 1938 kinaonyesha hilo vizuri. Joe Louis alikuwa anampiga Max Schmeling katika raundi ya kwanza kwenye uwanja wa Yankee Stadium, New York, na Mjerumani alikuwa ameshaanguka mara kadhaa. Kona yake ikatupa taulo. Mwamuzi Arthur Donovan akaliokota na kulirusha pembeni, likabaki linaning'inia kwenye kamba, kwa kuwa kanuni za New York hazikulitambua. Sekunde chache baadaye alimtazama Schmeling, akasimamisha pambano mwenyewe. Saa ilisoma dakika 2 na sekunde 4.

Wakati mwingine taulo halipo kabisa, na msemo unatumika vilevile. Tarehe 1 Oktoba 1975, kwenye pambano la tatu kati ya Muhammad Ali na Joe Frazier nchini Ufilipino, kocha Eddie Futch alimzuia Frazier asitoke kwa raundi ya 15. Macho ya Frazier yalikuwa yamevimba hata haoni ngumi zinakotokea, na bado alitaka kuendelea. Futch hakurusha kitu. Alimwambia mwamuzi imetosha. Ukisoma Kiingereza kinachosema "Futch threw in the towel", usiende kutafuta picha ya taulo.

Kwenye visa hivi anayeamua ni mtu wa kona, na anayepigana mara nyingi anakasirika. Tarehe 22 Februari 2020 huko Las Vegas, mtu wa kona Mark Breland alitupa taulo raundi ya 7 kumwokoa Deontay Wilder mikononi mwa Tyson Fury. Wilder alilalamika hadharani kwamba yeye alitaka "to go out on my shield", yaani atolewe akiwa amebebwa juu ya ngao yake, na baadaye akaachana na Breland. Andika msemo huo kwenye daftari kando ya huu wetu, maana ndio kinyume chake halisi: kukataa taulo hadi dakika ya mwisho. Kwenye pambano la Kell Brook na Gennady Golovkin, London, tarehe 10 Septemba 2016, kocha Dominic Ingle alitupa taulo raundi ya 5. Ilikuja kuonekana kwamba mfupa unaozunguka jicho la Brook ulikuwa umevunjika.

Hatua ya kwanza: pima kwa masharti matatu

Kabla ya kuutumia msemo huu kwa Kiingereza, au kuutafsiri, jiulize mambo matatu. Moja likikosekana, tafuta msemo mwingine.

Kuna mapambano yaliyotangulia? Lazima mtu awe amejaribu, amepigwa, amerudi, amepigwa tena. Kijana aliyesikia kuna nafasi ya kazi akaona uvivu kutuma maombi hajatupa taulo, kwa sababu hakupanda ulingoni. Aliyetuma maombi mwaka mzima bila jibu kisha akaacha, huyo ndiye.

Kuna uamuzi? Timu iliyofungwa mabao matano lakini ikakimbia hadi filimbi ya mwisho imeshindwa tu. Kampuni iliyofungwa kwa amri ya mahakama imefungwa. Mgombea aliyeangushwa kwenye sanduku la kura ameangushwa. Akitoka mbele ya waandishi na kusema hatakwenda mahakamani, hapo sasa msemo unaanza kunukia. Wengi hukosea hapa, kwa sababu wanauona msemo kama njia ya kupamba neno "kushindwa".

Ni mwisho? Taulo likishatua ulingoni halirudi konani. Mtu anayepumzika, anayeahirisha, anayesubiri msimu ujao, hajatupa taulo. Fundi akifunga karakana saa kumi na moja jioni na gari bado halijawaka, Mwingereza atasema "he called it a day", kesho anarudi. Akimwambia mwenye gari alivute kwingine, yeye hawezi tena, hapo "he threw in the towel".

Hatua ya pili: shika umbo lake

Kitenzi kinakwenda hivi: "throw" kwa sasa, "threw" kwa wakati uliopita, "thrown" baada ya "has", "have" au "had", na "throwing" kwa kinachoendelea. Kosa la tahajia linaloonekana sana ni "through in the towel". "Through" ni neno jingine lenye maana ya "kupitia", na programu ya kusahihisha tahajia haitalishika kwa sababu lenyewe ni neno halali. Kosa la pili ni la masikio: wenye lugha mama zinazochanganya "l" na "r" huandika au kutamka "tower". Huo ni mnara, na kurusha mnara ni kazi ya majini wa hadithini.

"The" imekauka mahali pake. Hakuna "a towel", hakuna "his towel", hakuna "their towels" hata waliokata shauri wakiwa wachezaji kumi na mmoja. Kiingereza kinasema "the whole team threw in the towel", taulo moja kwa wote. Ukiandika "they threw in their towels", msomaji atawaona watu wanatoka kuoga.

"In" inaweza kuhama lakini haifutiki. "Throw in the towel" na "throw the towel in" ni sawa. La kwanza ndilo salama kwa maandishi. Ukiandika "throw the towel" peke yake, kwa msomaji makini inasikika kama kuna kitu kimedondoka njiani. "Throw away the towel" ni kulitupa jalalani. Sisi huteleza hapa kwa sababu kitenzi chetu "kutupa" kinabeba maana zote mbili, kurusha na kutupilia mbali, kwa hiyo "in" na "away" tunaziona kama ndugu.

Kinachofuata baada ya msemo pia kina kanuni yake. Jambo lililoachwa linaungwa kwa "on": "The county has thrown in the towel on the stadium project." Mshindi haungwi kabisa. Tunasema kwa Kiswahili "kusalimu amri kwa adui", basi mkono unaandika wenyewe "threw in the towel to their rivals". Kiingereza hakikubali hiyo "to". Kama ni lazima mshindi atajwe, badili kitenzi: "they conceded to", "they surrendered to".

Umbo la kutendwa, "the towel was thrown in", libakie kwa taulo halisi la ulingoni. Katika habari za biashara au siasa linachekesha, mtu anaanza kuuliza limetupwa na nani.

Tena, msemo huu hupenda sana kukanushwa. Sikiliza mahojiano ya makocha na wanasiasa, utausikia mara nyingi baada ya "not ready to", "refuse to", "it's too early to", "tempted to", "no intention of". "We are not throwing in the towel" ni ahadi ya kuendelea, na ni ya heshima. Kukiri wazi "we are throwing in the towel" ni nadra zaidi, kwa sababu asiyetaka aibu huchagua maneno laini.

Kuhusu rejista, yaani kiwango cha urasmi wa lugha, msemo uko kati na kati. Unakaa vizuri gazetini, kwenye mazungumzo, kwenye barua ya ofisi kati ya wanaofahamiana. Waingereza na Waaustralia wakiwa kijiweni wanasema "chuck in the towel". Hiyo iache kijiweni.

Hatua ya tatu: chagua Kiswahili chake

Hakuna neno moja la Kiswahili linalofunika sehemu zote za msemo huu. Uchaguzi unategemea nani kashindwa, na nini, na msomaji ni nani.

"Kutupa taulo" lenyewe limeshaingia Kiswahili kupitia madawati ya michezo, na kwenye habari za masumbwi ndilo neno la kazi. Pia wachambuzi wa soka na siasa wanalitumia na wanaeleweka. Likiwa na hatari ya kueleweka vibaya, sema "kurusha taulo" au "kutupa taulo ulingoni", kwani kitenzi "kutupa" kikiwa peke yake kinampeleka msomaji asiyetazama ndondi moja kwa moja kwenye pipa la taka. Kwa kitabu cha watoto, mahubiri au tangazo la kijiji, liache.

"Kusalimu amri" linataka awepo mtu wa kutoa hiyo amri. Linafaa vita, mgomo, mvutano kati ya serikali na wafanyabiashara, timu ndogo mbele ya kigogo. Aliyeshindwa na mtihani wa hisabati au na shamba lenye ukame akisemwa kuwa "amesalimu amri", ni mzaha au kutia chumvi. Kama hiyo ndiyo nia, sawa.

"Kunyoosha mikono", au "kuinua mikono", ndilo chaguo letu la kwanza kwa habari za kawaida. Lina uamuzi, lina mwisho, na kila mtu analielewa kuanzia Mombasa hadi Mwanza. Angalia tu wingi: "kunyoosha mkono" mmoja ni kuomba nafasi ya kusema, au kupiga kura mkutanini. Kosa la herufi moja linageuza habari nzima.

"Kubwaga manyanga" linahusu wadhifa. Mwenyekiti, kocha, waziri, katibu wa chama: hao hubwaga manyanga. Uzito wake uko kwenye kuondoka kwenye nafasi, hata pasipo kushindwa. Kwa hiyo linafaa pale "threw in the towel" linapomaanisha kujiuzulu baada ya kuelemewa, na halifai kwa mtu ambaye bado yuko ofisini ila ameacha kupigania hoja fulani. Njia ya kurudi ina mtego wake: gazeti la Kiswahili likiandika kwamba katibu kabwaga manyanga kwa sababu za kiafya, usitafsiri "threw in the towel". Sema "stepped down". La sivyo umemwongezea aibu ambayo habari haikuwa nayo. "Kuachia ngazi" nalo liko hivyohivyo, ni kujiuzulu tu.

"Kukubali yaishe" ni la ugomvi wa watu wanaoishi pamoja: majirani, wanandugu, wabia wa duka. Anayekubali yaishe anaacha haki yake ili amani ipatikane, na watu humsifu. Msemo wetu wa Kiingereza hauna sifa hiyo ndani yake. Taulo halileti amani, linasimamisha kipigo. Litumie pale tu maandishi ya asili yanapoonyesha mtu kaacha kesi au madai kwa ajili ya undugu.

"Kukata tamaa", "kuvunjika moyo" na "kufa moyo" yote yanaeleza hali ya moyo. Kama sentensi ya Kiingereza inaendelea kueleza kitendo kilichofuata, kwa mfano ofisi kufungwa au kesi kuondolewa, maneno haya yanakuacha nusu ya njia. Yanafaa zaidi kwenye ukanushi wa kumtia mtu moyo. "Don't throw in the towel yet" anayoambiwa mwanafunzi ni "usikate tamaa mapema", na hakuna haja ya kutafuta kingine.

"Maji yamezidi unga" ni sababu ya kutupa taulo, si kulitupa kwenyewe. Linapendeza kama mlango wa sentensi: maji yalipozidi unga, wakanyoosha mikono.

Ukiwa na shaka, "kukubali kushindwa" au "kukiri kushindwa" halikuangushi. Halina rangi, lakini halidanganyi, na kwa matokeo ya uchaguzi ndilo sahihi zaidi.

Onyo moja kwa wanaoandika kuhusu maeneo yenye vita. Habari ya Kivu ikiwa na sentensi kwamba kundi fulani "has thrown in the towel on the talks", usiandike "limeweka silaha chini" wala "limesalimu amri". Msomaji wa Goma au Bukavu atasoma neno kwa neno: bunduki zimewekwa, njia ziko wazi. Andika "limejitoa kwenye mazungumzo". Mahali ambapo silaha zipo kweli, misemo ya silaha haitumiki kama misemo.

Hatua ya nne: fanyia kazi aya nzima, si msemo pekee

Chukua aya hii ya Kiingereza, ya aina inayopatikana kwenye ripoti yoyote ya mradi: "After two years of losses, the cooperative has not thrown in the towel. But its main buyer has, and some members are tempted to follow."

Jaribio la neno kwa neno linatoa kitu hiki: "Baada ya miaka miwili ya hasara, ushirika haujatupa ndani taulo. Lakini mnunuzi wake mkuu ame, na baadhi ya wanachama wanashawishika kufuata." "Kutupa ndani" si Kiswahili cha mtu yeyote. "Ame" imebaki inaelea: Kiingereza kinaruhusu "has" isimame peke yake ikumbushe kitenzi kilichotangulia, Kiswahili kinataka kitenzi kizima. "Kufuata" nako kumekosa anayefuatwa.

Jaribio la pili linakimbilia "kukata tamaa" kila mahali: ushirika haujakata tamaa, mnunuzi amekata tamaa, wanachama wanataka kukata tamaa. Sarufi iko sawa, habari imepotea. Mnunuzi hakuhuzunika, aliacha kununua. Hilo ndilo linalowagusa wakulima, nalo halipo. Tena hakuna mtu anayetamani kukata tamaa.

Inayosimama ni hii: "Ushirika umekula hasara miaka miwili mfululizo na bado haujanyoosha mikono. Aliyejitoa ni mnunuzi wake mkuu, na sasa wapo wanachama wanaotamani kumfuata." Msemo kwa Kiingereza unafanya kazi mara tatu, mara moja kwa sauti na mara mbili chinichini. Kwa Kiswahili tumeutumia mara moja na sehemu nyingine tukasema kilichotokea. Mwenye aya nyingi za namna hii asijibane kutafsiri kila msemo kwa msemo. Moja kwa aya unatosha, na nyingine ziwe vitenzi vya kawaida.

Kwa vichwa vya habari, Kiingereza hudondosha hata "the": "Coach throws in towel". Hiyo ni ruhusa ya kichwa cha habari tu, ndani ya habari "the" inarudi. Kiswahili kinatumia umbo fupi la kitenzi: "Kocha abwaga manyanga", "Kampuni yanyoosha mikono". Kabla ya kukipitisha kichwa cha namna hiyo, mhariri aulize ushahidi uko wapi: barua, kauli iliyorekodiwa, taarifa ya bodi. Kumwandika mtu kwamba katupa taulo wakati hajaamua lolote ni kumsingizia, na anaweza kudai asafishwe.

Pasipofaa kabisa

Mgonjwa hatupi taulo. Ukisikia mgonjwa kaacha dawa kali za saratani, ukaandika kwa Kiingereza "she threw in the towel", umesema alikuwa na pambano akalikimbia, na familia yake itakusoma hivyohivyo. Andika aliacha matibabu. Rambirambi pia ziepuke msemo huu kwa umbali wa mtaa mzima, pamoja na barua ya kujiuzulu ya kwako mwenyewe, hati za mahakama na mikataba. Hati ya kisheria ina maneno yake, "withdraw", "concede", "waive", na kila moja lina athari yake.

Usilitumie kumdhihaki bondia halisi. Robert Wangila, aliyeiletea Kenya medali ya dhahabu ya ndondi kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alifariki Julai 1994 kutokana na majeraha aliyoyapata kwenye pambano la Las Vegas. Mashabiki wanaopiga kelele kwamba kona imetupa taulo mapema wawe na kumbukumbu. Kwa habari za masumbwi, andika nani alitupa, raundi ya ngapi, na mwamuzi alifanya nini. Lawama zijitokeze kwenye maelezo.

Maneno yanayofanana nalo kwa sura

"Throw down the gauntlet" ni kutoa changamoto, kumwita mtu vitani. Linaanza na "throw" na linakwenda upande mwingine kabisa, na wanaolichanganya na letu ni wengi.

"Throw in" bila taulo ni kuongeza kitu bure juu ya kilichonunuliwa, kama muuza simu anavyotia kava. Mwuza bafu anayesema "I'll throw in a towel" anakupa nyongeza. Tazama "a" iliyochukua mahali pa "the". "Throw-in" yenye kistari ni mpira wa kurusha. "Throw up" ni kutapika, sababu nyingine ya kuiacha sponji ilale.

"Give up the ghost" ni kufa, na kwa mzaha hutumika kwa mashine: gari lililozima moja kwa moja "gave up the ghost". Gari halitupi taulo, halina kona.

"Meet one's Waterloo" ni kukutana na mtu au jambo la kukumaliza, kama Napoleon alivyokutana nalo tarehe 18 Juni 1815. Hapo hakuna hiari, ndiyo tofauti. "Wave the white flag" lina hiari, ila linaomba usalama kwa adui, kwa hiyo linakaribiana na kusalimu amri. Usizikoroge picha: "threw in the white flag" imeshaandikwa na watu wazima, na inachekesha.

Ulingo umezaa misemo mingine inayosimama foleni kabla ya taulo. Aliye "on the ropes" amebanwa kwenye kamba lakini bado anapigana. Aliye "down for the count" ameanguka na mwamuzi anahesabu, hana tena nafasi ya kuamua. Ukiandika kwamba mtu huyohuyo yuko chini anahesabiwa na papo hapo katupa taulo, chagua moja.

Jipime

Soma hali hizi, amua kama "throw in the towel" linafaa, kisha linganisha.

Mwanafunzi amefeli mtihani wa udereva mara mbili, ameshalipia wa tatu. Halifai, ila kwa ukanushi: "she hasn't thrown in the towel".

Mkulima wa vitunguu Kilosa amehangaika na wadudu misimu mitatu, sasa amegeuza shamba lote kuwa la alizeti. Linafaa, pamoja na "on": "he has thrown in the towel on onions". Kiswahili: kanyoosha mikono kwa vitunguu.

Mgombea ameenguliwa na tume kwa kukosa sahihi za wadhamini. Halifai, ameenguliwa. Akiwa na haki ya kukata rufaa na akatangaza hataitumia, linafaa kwa hatua hiyo ya rufaa tu.

Kaka wawili wamegombania kiwanja cha baba miaka sita, mdogo ameondoa kesi baada ya mama kuwaita. Kwa Kiingereza mtu angeweza kuandika "the younger brother threw in the towel", lakini ingemfanya mnyonge. "Dropped the case" ni haki zaidi, na kwa Kiswahili: mdogo amekubali yaishe.